Eufrazia Wawili, Mtihani Mmoja

Shanwe, Mpanda
11 Januari 1976

Kwa dada yangu Theopista,

Pokea salamu zangu, za Prisila na za watoto wote. Sisi hatujambo, isipokuwa Prisila aliugua homa wiki ya Krismasi. Sasa amepona na amesharudi kugombana na kuku wa jirani. Kazi ya stesheni ni ileile, treni inachelewa na abiria wananilaumu mimi kana kwamba ndimi ninayeisukuma. Natumaini huko Mpimbwe mvua imewafikia na mpunga umeota. Tangu tumzike shemeji Salvatori sijapata nafasi ya kuja, lakini kila Jumapili mnaombewa.

Dada, anayekuletea barua hii ni mwanangu Josephina. Usishtuke. Mwaka huu yuko darasa la saba, na nimeona afadhali asome huko kwako. Hapa mjini kuna kelele, kuna redio kila nyumba, na kuna wasichana wenzake ambao hawana habari na kitabu. Nimeshaandikiana na Mwalimu Mkuu wenu, Telesfori, ambaye nilisoma naye, na amekubali kumpokea. Wewe kazi yako ni kumsimamia nyumbani tu.

Ratiba nimeiandika na ameibeba. Ibandike ukutani. Utaona kuna saa za Hesabu, za Kiswahili, za Kiingereza na za Maarifa. Asichote maji, asitwange, asipelekwe shamba mpaka mtihani wa Oktoba upite. Ndani ya kikapu kuna migebuka wakavu kutoka Kapalamsenga. Hao ni wa Josephina peke yake, kwa sababu samaki anaongeza akili. Mpikie kidogo kidogo ili wamfikishe mbali.

Akienda sekondari atakuwa wa kwanza katika ukoo wetu. Mimi niliishia darasa la nane, wewe la nne. Usiniangushe, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Melkior


Mpimbwe
8 Februari 1976

Mdogo wangu Melkior,

Barua nimeipata na mtoto nimempata, vyote vikiwa na matope. Anasema lori lilikwama mto Katuma siku nzima huku viboko wakiwatazama. Mwambie wifi yangu Prisila pole ya homa. Hapa tuko wazima. Mpunga umeota vizuri, ila tangu tuhamishiwe kijijini shamba limekuwa mbali, na tukifika tumeshachoka kabla ya kushika jembe. Mwanangu Eufrazia anawasalimu. Yeye ndiye mkono wangu wa kulia tangu baba yake afariki, maana aliishia darasa la sita na sasa tuko naye shambani.

Sasa tuzungumze. Kwanza, migebuka wako tumewala. Niliwapika wote siku moja tukala sote, na jirani yangu mzee Bartolomeo alipopita akakaribishwa kama desturi. Katika nyumba hii sufuria haipikiwi mdomo mmoja. Kama samaki anaongeza akili, basi wote tumeongezewa, ingawa kwa Bartolomeo bado sijaona dalili.

Pili, ratiba. Nimeibandika kama ulivyosema, na mchwa wameanza kula saa za Kiingereza. Melkior, unajua saa ziko ngapi katika nyumba hii? Hakuna hata moja. Tuna jua.

Tatu, huyu mtoto hawezi hesabu. Nilimuuliza, debe moja likijaza vibaba kumi, magunia matatu yenye madebe sita sita yana vibaba vingapi. Akaniangalia kama nimemtukana, halafu akalia. Eufrazia alikuwa anachambua mboga, akajibu bila kuinua kichwa. Josephina akazidi kulia.

Nne, na hili ndilo ninalotaka unijibu. Mtu anamhamishaje mtoto shule katika mwaka wa mwisho, kutoka mjini kumleta kwetu? Wenzetu wote wanahangaika watoto wao waende Mpanda. Wewe umegeuza lori. Kuna nini?

Dada yako,
Theopista


Shanwe, Mpanda
7 Machi 1976

Dada Theopista,

Nimefurahi kusikia mpunga umeota. Prisila anarudisha salamu. Hapa mvua imebomoa choo cha jirani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa pamoja, tunalaumiana.

Nimesoma habari ya migebuka. Nitatuma wengine. Nakuomba tena, wawe wa Josephina.

Kuhusu hesabu, mtoto anaziweza. Anachokosa ni utulivu. Ukimuuliza mbele ya watu anaogopa. Muulize taratibu, muulize mkiwa wawili, na Eufrazia asijibu kwa niaba yake. Huyo wa kwako shule ameshamaliza, hana haja ya kushindana na mwenzake.

Kuhusu swali lako la nne, nimeshakueleza, ni kelele za mjini. Sioni kwa nini baba lazima ajieleze mara mbili kwa kumpeleka mtoto kwa shangazi yake mwenyewe. Na tafadhali, usiende kumsumbua Mwalimu Telesfori kwa maswali. Ana kazi nyingi.

Nasikia msimu wa ndege unakaribia. Natumaini Josephina hatahusishwa.

Mdogo wako,
Melkior


Mpimbwe
2 Mei 1976

Melkior,

Hatujambo. Barua yako ilikaa parokiani mpaka Pasaka kwa sababu barabara ilikatika. Padre aliisahau ndani ya kitabu cha misa, akanikabidhi mbele ya watu wote nikadhani nimeitwa kusoma somo.

Josephina amehusishwa. Ndege wameshuka mwaka huu hujapata kuona. Ukichelewa kuamka asubuhi moja tu, unavuna majani. Mtoto anayekula wali wangu atawinga ndege wangu, shule ikifunguliwa anaenda shule, ikifungwa anapanda dungu kuwafukuza. Lakini usianze kupiga kelele, soma kwanza.

Nimejenga madungu mawili, moja kila upande wa shamba. Mtu wa dunguni lazima apige kelele, akinyamaza ndege wanatua. Sasa nimemweka Eufrazia dungu la juu na kitabu, na Josephina dungu la chini. Eufrazia anapaza sauti, "Saba mara nane!" Josephina anajibu kwa nguvu zake zote, "Hamsini na sita!" na ndege wa huku na wa kule wanaruka. Wanakwenda hivyo mpaka jioni, wanamaliza hesabu wanaingia mito ya Tanzania, wanamaliza mito wanaingia wingi wa maneno ya Kiingereza. Mbele za watu huyu mtoto analia, lakini mbele za ndege hana aibu. Tatizo ni pale asipojua jibu. Akinyamaza tu, kundi linatua. Basi Eufrazia inabidi aulize na ajibu mwenyewe upesi, kuokoa mpunga. Siku za sehemu na desimali, Eufrazia anarudi nyumbani sauti imemkauka. Majirani wamenuna kwa sababu ndege wetu wote wanahamia kwao. Mzee Bartolomeo sasa anajua tebo ya saba yote na anaipiga anapokunywa pombe.

Umesoma? Sasa sikiliza.

Wiki iliyopita Josephina alisahau jembe lake la shule. Nikamtuma Eufrazia ampelekee. Akafika wakati mwalimu anaita majina. Akasimama dirishani na jembe begani. Mwalimu akaita, "Eufrazia Salvatori." Na mwanao akajibu, "Nipo."

Eufrazia alirudi na lile jembe, akaliegesha mlangoni, akaendelea na kazi. Jioni tukiwa tunakula ndipo akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama, kumbe mimi bado naenda shule."

Josephina aliacha chakula akatoka nje. Mimi nimekaa na neno hilo siku tano kabla ya kushika kalamu, maana ningeandika siku ileile padre angekataa kuibeba barua.

Nieleze, Melkior. Na usiniambie kelele za mjini.

Theopista


Shanwe, Mpanda
30 Mei 1976

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Prisila hajambo, watoto hawajambo.

Haya, ni kweli. Josephina alishafanya mtihani wa darasa la saba mwaka jana hapa Mpanda na hakuchaguliwa. Wewe unajua jinsi nafasi zilivyo chache. Mtoto hakupungukiwa sana, aliumwa kichwa siku ile. Kurudia kwa jina lake haruhusiwi. Nimfanyeje? Nimkalishe nyumbani akiwa na umri huu aangalie treni? Nikakumbuka Eufrazia ameacha shule na jina lake limebaki kwenye daftari la darasa bila mtu. Nikamwomba Telesfori. Sikukuomba wewe kwa sababu nilijua ungekataa, na kumbe nilijua sawasawa.

Si mimi wa kwanza kufanya hivi. Wapo watu wakubwa na kazi zao hapa Mpanda ambao mama zao wanawaita jina jingine. Hakuna aliyekufa. Eufrazia hapotezi kitu. Jina lilikuwa limekaa tu kama jembe lisilo na mpini, tumelitia mpini. Na nikuambie jambo moja bila kuficha, dada. Aliyemtoa Eufrazia shule si mimi.

Habari ya kunipandishia mtoto dunguni nimeisoma mara mbili, na kila mara nimelazimika kutoka nje kupunga hewa. Nilikuletea mwanafunzi.

Nakuomba umwache amalize. Imebaki miezi michache. Baada ya hapo unilaumu unavyotaka.

Melkior


Mpimbwe
18 Julai 1976

Melkior,

Tumevuna. Ghala limejaa. Mzee Bartolomeo ameumwa mgongo, amepona.

Jina lile nililichagua mimi, na padre akalimwagia maji, na baba yake akalitangaza kwa jirani zetu wote akiwa amelewa kwa furaha. Si jembe. Kuhusu nani alimtoa shule, sitakujibu. Siku ile tulipomzika Salvatori ulikuwa hapa, uliliona shamba na uliona mikono iliyobaki.

Nilikwenda kwa Telesfori. Hakunitazama usoni. Alisema akilifuta jina sasa, mwanao anafukuzwa na yeye anapoteza kazi. Kwa hiyo sijafuta kitu. Sijakubali na sijakataa, na wewe usiandike kama nimekubali.

Nikuambie tunavyoishi. Nikiita "Eufrazia" alete kuni, wanainuka wote wawili, halafu wanatazamana, halafu wanakaa wote wawili, na kuni naenda kuleta mwenyewe. Josephina shuleni anaitwa hili, nyumbani anaitwa lile. Juzi alikwenda kuungama, akarudi bila kuungama, akasema hakujua aanze na jina gani. Nilicheka, Melkior, halafu nikaona vibaya.

Hawajagombana lakini. Josephina akirudi kutoka shule anakaa na mwenzake nyuma ya ghala anamfundisha kila alichofundishwa, kwa sababu anasema asipomsimulia mtu somo linamtoka kabla ya usiku. Akikwama, wanalipasua pamoja. Mimi nawaacha. Ratiba yako mchwa wameimaliza.

Theopista


Shanwe, Mpanda
12 Septemba 1976

Dada Theopista,

Hongera kwa mavuno. Sisi wazima, isipokuwa hapa nyumbani maongezi yamekuwa machache.

Nashukuru kwamba umenyamaza. Nimekuelewa.

Imebaki mwezi mmoja na siku chache. Namtumia Josephina kalamu mbili, moja ikikataa atumie nyingine, na rula. Mwambie asome swali mara mbili. Mwambie asiandike jina lake kwa mazoea, hili ndilo linaloninyima usingizi. Kila asubuhi mwandikishe jina la Eufrazia mara ishirini mpaka mkono uzoee. Tumeanza novena, ingawa Prisila anasema hajui tunamwombea nani na anasali kimoyomoyo.

Sanduku la bati la kwendea shule nimeshanunua. Nikampelekea fundi akalipaka jina kwa herufi nyeupe, EUFRAZIA SALVATORI, kubwa, zinasomeka kutoka barabarani. Fundi aliuliza huyu ni nani nikasema ni binti yangu. Sanduku liko sebuleni. Prisila amelifunika kwa kitenge, nikilifunua analifunika tena.

Dada, najua una hasira. Lakini mimi kila siku naandika mizigo ya watu wanaokwenda mbali, na sijawahi kuandika wa kwangu. Mwaka huu nataka niandike.

Mdogo wako,
Melkior


Mpimbwe
24 Oktoba 1976

Mdogo wangu Melkior,

Natumaini mnaendelea vizuri na wifi yangu ameanza kuzungumza. Sisi tuko salama. Barua hii anaileta Kasimiri, mfanyabiashara wa mpunga wa Kasansa, anasema anashuka Mpanda wiki hii.

Mtihani umefanyika. Nitakueleza jinsi ulivyofanyika na nakuomba usome mpaka mwisho.

Asubuhi ile nilichemsha uji. Josephina alivaa sare, akakaa, hakuugusa. Nikadhani ni hofu. Nikamwambia anywe, tutachelewa. Akasema, "Shangazi, nikifeli nimefeli mimi, nikifaulu amefaulu Eufrazia. Mimi napata nini?"

Nilitafuta jibu, Melkior. Nilitafuta hata la kukutetea wewe, maana ni mdogo wangu na najua unampenda huyu mtoto. Nikamuuliza anataka nini. Akaanza kuvua sare, akampa Eufrazia pamoja na kalamu zako mbili na rula. Eufrazia alikuwa anafagia. Alisimama na ufagio mkononi akaniuliza mpunga utawingwa na nani mwakani. Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikamwambia mpunga ni wangu, avae upesi.

Tukaenda sote watatu. Pale shuleni kulikuwa na wasimamizi wageni na askari mmoja wa kulinda karatasi. Telesfori alipotuona akatoka mbio mpaka kwenye miti, akaninong'oneza, "Mama, huyu hajaingia darasani mwaka mzima." Nikamwambia, "Jina lake limeingia kila siku. Leo amelifuata mwenyewe." Akatoa kitambaa akajifuta shingo. Nafikiri kwa upande mmoja alishukuru, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa anatetemeka kama mwizi, na sasa mlangoni kwake kulikuwa na Eufrazia wa kweli. Akamwingiza.

Mimi na Josephina tulikaa nje mpaka mwisho. Alipotoka tulimuuliza ilikuwaje. Alisema alipokwama alifumba macho akawaza ndege wanatua, basi majibu yakaja. Wakacheka wote wawili mpaka askari akatufukuza.

Josephina hajambo. Anakula. Anasema anaogopa kurudi Shanwe, na anayemwogopa ni wewe. Nijibu upesi ili nijue nimwambie nini.

Kama utakasirika, nikasirikie mimi. Yeye alisema kweli tu.

Dada yako,
Theopista


Shanwe, Mpanda
19 Desemba 1976

Dada, dada yangu Theopista,

Salamu nitatoa mwisho, leo siwezi kuzianza.

Amechaguliwa. Majina yamebandikwa jana, nimelisoma mwenyewe kwa kidole, Eufrazia Salvatori. Nililisoma, nikaondoka, nikarudi nikalisoma tena. Nilikuandikia mwezi wa kumi na moja kuuliza mtihani ulikwendaje, hukujibu, nikadhani bado umenuna. Leo nakusamehe yote. Hata dungu nakusamehe, na migebuka. Nimewaambia wenzangu stesheni kwamba dada yangu alimfundisha mtoto hesabu kwa kufukuza ndege, na wanataka kukuona.

Nimechinja mbuzi. Wamekuja wa stesheni wote na jirani yule wa choo pia. Kulikuwa na aibu ndogo tu. Mwenzangu Pontien alikwenda kutafuta jina la Josephina pale ubaoni, asilione, akarudi kuniuliza mbele ya wageni. Nikasema limo katika karatasi nyingine. Akasema hakuna karatasi nyingine. Nikamwongezea nyama.

Prisila alipika vizuri lakini hakukaa na wageni. Nilimkuta chumbani anatazama sanduku. Nikamwambia mwanao amefaulu, cheka. Akasema, "Nikienda kumtembelea huko shuleni nitamwulizia nani?" Nilikasirika. Kwa nini watu wa nyumba hii hawajui kufurahi?

Mwambie Josephina ajiandae. Mwambie baba yake amelia mbele ya watu.

Salamu kwa Eufrazia wako, mwambie mjomba anamshukuru kwa kutuazima jina.

Melkior


Shanwe, Mpanda
2 Januari 1977

Dada Theopista,

Heri ya mwaka mpya kwenu. Hatujambo.

Barua yako ya Oktoba imefika juzi. Kasimiri aliitia ndani ya gunia la mpunga isilowe, halafu bei ya mpunga haikumpendeza, akayafungia magunia ghalani mpaka mwaka ulipokaribia kwisha. Mama mmoja hapa Shanwe amelifungua gunia lake akaikuta. Imeletwa na mtoto wake, na chembe za mpunga zilianguka nilipoifungua.

Niliisoma nimesimama. Halafu nikakaa. Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Nilitaka kukuandikia saa ileile, na ningeandika maneno ambayo ungeyaweka mpaka uzeeni. Nikampa Prisila asome. Alisoma polepole mpaka pale Josephina anapouliza anapata nini, akasoma hapo tena kwa sauti, na mimi nikamsikia mwanangu. Halafu alipofika kwenye ndege wanatua, Prisila alicheka mpaka akashika ukuta. Hajacheka hivyo tangu sanduku liingie ndani.

Bado nina hasira, dada. Nakuambia ili usidhani nimekuwa malaika. Nina hasira na wewe, na Telesfori, na Kasimiri na magunia yake. Nikimaliza hao wote nabaki peke yangu, na hapo ndipo panaponichosha.

Lakini shule inafunguliwa na mtoto hana sanduku. Kwa hiyo sanduku linakuja na lori la kesho. Fundi amesikia habari, akaniuliza kama nalirudisha abadilishe jina, nikamwambia halina kosa. Mpe mwenyewe. Ndani kuna shuka, sabuni, viatu ambavyo vilikuwa vya Josephina na nadhani vitamkaa, na fungu la migebuka. Migebuka ni wa nyumba nzima, pamoja na mzee Bartolomeo. Akipita Mpanda kwenda shule, mzigo wake nitauandika mimi kwa mkono wangu, na hatalala nyumba nyingine ila yangu. Msimu wa ndege ukifika niandikie, mmoja wa wavulana wangu atakuja kupanda dungu. Naye ana mtihani mwakani.

Josephina arudi na lori hilohilo. Prisila anataka ajifunze ushoni kwa masista. Sijakubali na sijakataa. Mwambie asiniogope. Mwambie sitamuuliza habari ya mtihani. Nitakuwa pale lori linaposimama, na watu wa stesheni watakuwepo, na Pontien atakuwepo, na nitamwita Josephina, kwa sauti ya dunguni, wasikie wote.

Ni mimi mdogo wako,
Melkior